Mstari Baada ya Kambi ya Nane

Asubuhi moja mwanamke mmoja alimtemea Bi Sikio mate shavuni, mbele ya foleni nzima ya ofisi ya vitambulisho, na katika watu sitini waliokuwa pale hakutokea hata mmoja wa kusema, "Ah, mama, usifanye hivyo." Bi Sikio alijifuta kwa upindo wa mtandio wake, akafungua mlango wa chumba nambari tatu, akaketi, akaita, "Wa kwanza!"

Wa kwanza alikuwa yuleyule aliyemtemea.

Kazi ya Bi Sikio ilikuwa kusikiliza. Mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa, na wengi hawakuwa nacho, aliketishwa mbele yake, kinasa sauti kikawashwa, akaonyeshwa picha za vitu vya nyumbani: ufagio, kizingiti, mwiko, kamba. Akaulizwa kila kimoja anakiitaje kwao. Kisha akaambiwa asimulie jambo lolote. Bi Sikio alisikiliza matamshi, halafu akapiga muhuri mmoja kati ya miwili: WETU au NG'AMBO. Aliyepigwa wa kwanza alipata kitambulisho. Aliyepigwa wa pili alipewa siku thelathini avuke mto, hata kama mguu wake haukuwahi kukanyaga ng'ambo ya pili tangu azaliwe.

Jina la Bi Sikio walimbandika watu wa foleni. Mwenyewe alilijua, na ukweli ni kwamba lilimkaa vizuri. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mzee akikohoa katikati ya maelezo, alimwambia, "Kohoa umalize, mashine inahesabu."

Ili umwelewe, lazima uijue ile barabara. Ilianza mjini, ikateremka mpaka mtoni, ikavuka daraja, ikaendelea. Walioijenga zamani walipiga kambi kila baada ya mwendo fulani, wakazipa namba badala ya majina, na watu waliohamia pale walirithi namba hizo. Mji wenyewe ulikuwa Kambi ya Kwanza. Mto ulipita kati ya Kambi ya Kumi na Moja na ya Kumi na Mbili, na hapo ndipo nchi moja ilipoishia na nyingine kuanza.

Lakini maneno hayana daraja. Mjini ufagio waliuita lusabo. Ukifika Kambi ya Nne, ile b imeshalainika, unasikia lusavo. Ya Saba, ile l ya mwanzo imedondoka njiani: usavo. Ya Kumi wanasema uhavo, na ukishavuka mto unakuta uhao. Mtu wa kila kambi alimwelewa jirani yake bila taabu. Walioana, walidaiana mbuzi, walitukanana wakaelewana kila tusi. Ila umchukue mtu wa Kambi ya Kwanza umketishe na wa Kambi ya Kumi na Nne, wangetazamana kama kuku na bata.

Bi Sikio alizaliwa Kambi ya Tisa. Mama yake alikuwa mchuuzi wa sindano, nyuzi na vitana, aliyeipanda na kuishuka barabara hiyo kwa miguu akiwa na bintiye. Mama huyo alikuwa na kanuni moja tu ya biashara: mtu hanunui kwa anayemchekesha. Kwa hiyo alimfundisha mtoto abadilishe ulimi kila wanapoikaribia kambi mpya, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Akikosea alifinywa sikio. Alipofika miaka kumi na miwili, aliweza kumsikia mtu akisema maneno matatu tu na kujua amezaliwa kambi gani, na wakati mwingine mama yake katoka kambi gani.

Akaolewa mjini na fundi viatu, mwanamume mpole, mzito wa maneno. Aliyekuwa mwepesi wa maneno ni dada wa huyo fundi. Wifi huyu alikuwa mpishi katika shule ya jirani, mwanamke wa kifua mbele na sauti ya kuvunja vyungu, na walikaa ua mmoja. Siku ya kwanza kabisa, bibi harusi alipochukua kifagio ili afagie ukumbi, aliponyokwa na neno la kwao, akasema "usavo". Wifi aliangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Jamani, kaka katuletea mtu wa ng'ambo! U-sa-vo! Mwenzenu huyu kavuka na mtumbwi!"

Kicheko hicho kilidumu miaka kumi na tisa. Kila alipokuja mgeni, wifi alimwita: "Wifi, hebu mwonyeshe mgeni ule unaofagilia unaitwaje." Alichokuwa hajui ni kwamba Bi Sikio alimgundua juma lile lile la harusi. Wifi aliungua mkono kwa mvuke wa sufuria, akapiga ukelele, na katika ukelele ule ulitoka ulimi ambao haukuwa wa mjini hata kidogo. Ulikuwa wa Kambi ya Kumi. Baadaye Bi Sikio alimwuliza mumewe, naye akakiri kwa sauti ya chini: ndiyo, dada yake alilelewa na bibi yao huko chini hadi miaka kumi na minne. "Lakini usimguse hapo," alisema. "Alipoletwa mjini, watoto wa shule walimchezea vibaya sana."

Bi Sikio hakumgusa hapo. Alimeza. Ila kumeza si kusahau.

Ofisi ilipotangaza kazi ya wasikilizaji, aliijaribu na akawashinda wote. Mkuu wa kitengo alikuwa mtu wa mjini, mrefu, mwenye kalamu nne mfukoni na hasira za karibu. Alimpenda Bi Sikio kwa wepesi wake, lakini jambo moja lilimkera: majibu yake.

"Mimi nakuuliza huyu ni wetu au si wetu," alisema siku moja, akilipiga faili kwa kiganja. "Wewe unaniambia 'ni wa Kambi ya Saba, lakini mama yake wa ya Tisa.' Nitapiga muhuri gani hapo?"

"Bosi, ndivyo alivyo."

"Nataka mstari! Huku wetu, kule wao. Lugha yetu inaishia wapi?"

"Haiishii mahali. Inakwenda ikibadilika."

"Kila kitu kina mwisho, mama. Hata uvumilivu wangu."

Basi wakafunga safari kuutafuta mwisho huo. Walikuwa watatu ndani ya gari la ofisi: Mkuu mbele na karatasi yake, dereva, na Bi Sikio nyuma na kinasa sauti mapajani. Kila kambi walisimama, wakamwomba mtu aseme neno la ufagio na asimulie alivyoamka.

Kambi ya Nne, mwanamke mwenye karai la nguo alisema lusavo. Mkuu aliruka. "Hapa! Imekatika!"

"Haijakatika," alisema Bi Sikio. "Mwulize kama anawaelewa wa Kambi ya Tatu."

Mwanamke akashangaa. "Nisiwaelewe vipi? Mume wangu wa huko. Kisichoeleweka ni yeye mwenyewe."

Dereva akacheka. Mkuu hakucheka. Ikawa hivyohivyo Kambi ya Tano, ya Sita, ya Saba. Kila alipodhani amelikamata neno likigeuka, alikuta watu wa pande zote mbili wakiongea kama kawaida. Kadiri walivyoteremka ndivyo watu walivyozidi kuwa wakali, maana gari lile lilikuwa limeshajulikana. Kambi ya Kumi walifungiwa milango. Kambi ya Kumi na Moja mama mmoja aliwamwagia maji ya kuoshea samaki, yakamlowesha Mkuu kuanzia kola hadi mkanda, na kabla hawajaingia garini mawe yalianza kudunda kwenye bodi. Jiwe moja lilipasua kioo cha nyuma na kumchana Bi Sikio shingoni. Alipogeuka alimwona aliyerusha: mwanamke wa makamo, mnene, aliyevaa kama alivyovaa yeye, akimpigia kelele kwa maneno ambayo mama yake mwenyewe angeyatumia.

Walivuka daraja kwa kibali. Upande wa pili, muuza mkaa alisema uhao, na alipoulizwa kama anawaelewa watu wa Kambi ya Kumi na Moja, aliwatazama kama wendawazimu. "Hao ndugu zangu," alisema. "Nyinyi ndio nawaelewa kwa shida."

Wakarudi kila mmoja kanuna kivyake, gari likinuka shombo. Walipoipita Kambi ya Tisa na kabla ya kufika ya Nane, karibu na kalvati, tairi likapasuka. Jua lilikuwa la utosini. Jeki ikagoma. Mkuu alisimama kando ya barabara na shati lake lililokauka kwa maji ya samaki, akatazama huku, akatazama kule, akatoa kalamu moja kati ya zile nne na kuchora mstari kwenye karatasi aliyoilaza juu ya boneti.

"Hapa," alisema. "Kuanzia Kambi ya Tisa kushuka, matamshi ni ya ng'ambo."

Bi Sikio alishuka garini, kitambaa chenye damu shingoni. "Hapa pana nini, bosi?"

Dereva, aliyekuwa amelala chali chini ya gari, ndiye aliyejibu. "Pana pancha, mama."

"Mimi nimezaliwa Kambi ya Tisa," alisema Bi Sikio.

"Wewe umeshaajiriwa," alisema Mkuu. "Haikuhusu."

Hapa kuna sehemu ambayo haina pambo. Angeweza kuacha kazi siku ile. Hakuacha. Aliupenda ule mlango wenye namba. Alipenda ile foleni imwogope, baada ya miaka mingi ya kuchekwa uani. Orodha mpya ya matamshi ikachapwa, naye kwa miezi minane akapiga mihuri kwa kuifuata, akiwapeleka mtoni watu waliozungumza kama mama yake. Kila faili lilikuwa na ukanda wake wa sauti, na kila ukanda ulisikilizwa tena na karani mmoja kijana wa mjini ambaye alikuwa akimwinda kwa kosa lolote. Bi Sikio alijiambia kwamba asipofanya yeye atafanya karani, tena vibaya zaidi. Huenda ilikuwa kweli. Mwashi mmoja wa Kambi ya Kumi na Moja, aliyejenga nusu ya madarasa ya mjini, alimwambia alipopewa karatasi yake, "Dada, wewe si wa kwetu wewe?" Bi Sikio alisema, "Wa pili aingie."

Mwezi wa tisa, aliyeingia alikuwa wifi yake.

Shule ilikuwa imewataka wafanyakazi wote walete vitambulisho, na cheti cha wifi hakikuwahi kuwepo. Kaka mtu alikuwa na chake, maana yeye alizaliwa hospitali ya mjini. Dada alizaliwa kwa bibi, chini ya mikono ya jirani. Alikuja amevaa gauni la kutokea, uso umekunjwa kama ngumi.

"Kaa," alisema Bi Sikio.

"Nimekaa."

Kinasa sauti kikawashwa. Picha ya ufagio ikatolewa.

"Lusabo," alisema wifi, kila herufi imepigwa pasi. Kizingiti, mwiko, kamba: yote akayasema kimji, safi kuliko watu wa mjini wenyewe, kwa lafudhi ya mtangazaji wa redio. Akasimulia alivyoamka, akawasha jiko, akapika uji wa shule. Halikumponyoka neno hata moja. Bi Sikio alinyoosha mkono kwenye muhuri wa WETU. Karani asingepata pa kushika. Ingekwisha hapo.

Lakini wifi alidhani kinasa kimezimwa, akainama mbele. "Umefurahi? Mtu wa kuokotwa mtoni, leo mimi nakuja kukupigia magoti? Kaka yangu angeoa hata mbuzi angepata faida ya maziwa."

Mkono wa Bi Sikio ukasimama. Baadaye aliapa kwamba hakuwaza, kisha akakiri kwamba aliwaza. Aliuliza kwa upole ambao hakuwahi kuutumia na mtu yeyote katika chumba kile:

"Wifi, hebu nisimulie bibi yako alivyokufa."

Wifi alishika ukingo wa meza. Macho yakamjaa. Halafu akalipuka. Alisimama, akamlaani, akamlilia bibi yake, akasema alivyomkuta sakafuni na hakuwa na nguvu za kumwinua, na yote hayo, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, yalimtoka kwa ulimi wa Kambi ya Kumi, ulimi aliokuwa kaufungia zaidi ya miaka thelathini. Ukanda ulizunguka. Ulipokwisha, Bi Sikio alichukua muhuri wa pili, akaupiga.

Jioni ile fundi viatu alirudi na kumkuta dada yake ameketi uani na ile karatasi ya siku thelathini. Aliisoma mara mbili. Akamfuata mkewe jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuambia usimguse hapo."

"Miaka kumi na tisa amenigusa mimi kila siku, nani alimwambia asiniguse? Wewe ulisema lini?"

Fundi viatu alikunja godoro lake, akalibeba begani, akahamia kwenye kibanda chake cha kazi, kati ya soli na misumari. Uani majirani waligeuza viti vyao wampe Bi Sikio mgongo. Mwenye duka wa pembeni, kila akimwona, alikumbuka kwamba chumvi imekwisha.

Alikaa siku nne namna hiyo, akiwa amenuna, akijihesabia haki. Siku ya tano alikwenda ofisini mapema, akamkuta Mkuu anakunywa chai, akamwomba afute uamuzi mmoja.

"Ukanda upo," alisema Mkuu. "Karani kausikiliza. Kausifia, hata. Anasema hiyo ndiyo kazi yako bora kuliko zote."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomvunja. Alitoka, akafika mwisho wa korido, akarudi. Hakuketi upande wake wa meza. Aliketi kwenye kiti cha wanaohojiwa, akabonyeza kitufe cha kinasa sauti na kumwita karani awe shahidi.

"Nihojini," alisema.

"Acha mchezo, mama," alisema Mkuu.

"Usavo," alisema Bi Sikio. Na hapo akaanza kusimulia alivyozaliwa Kambi ya Tisa, nyumba ya tatu kutoka kwenye kalvati, na mama yake na kapu la sindano, kwa ulimi wa nyumbani kwao, bila kulainisha hata neno moja. Alipomaliza alirudi kwenye lugha ya ofisi. "Karani, kwa orodha yenu, mimi ni nani?"

Karani aliitazama orodha, akamtazama Mkuu. Alikuwa na njaa ya kiti cha Bi Sikio kwa muda mrefu. "Ni ng'ambo," alisema, na furaha ikamponyoka usoni.

"Andika. Piga muhuri." Bi Sikio akamgeukia Mkuu. "Na kanuni ya kwanza ya ofisi hii inasema msikilizaji lazima awe raia. Mimi nimesaini mafaili mia nne na kumi na mawili. Yamesainiwa na mtu wa ng'ambo, bosi. Hayana thamani ya karatasi ya kufungia sabuni."

Mkuu alimwaga chai. Alimwita nyoka, akamwita mhaini, akamtishia jela. Lakini karani alikuwa ameshapiga muhuri, wino umekauka, nakala imekwenda kwenye daftari kuu. Ilibidi mafaili yote yarudishwe makao makuu, siku thelathini za kila mtu zisimamishwe, na makao makuu, kwa kuogopa aibu, yakaunda kamati ya kusikiliza mashahidi badala ya matamshi: leta ndugu au majirani wawili waape ulizaliwa wapi.

Bi Sikio alipoteza kazi saa ileile, pamoja na kitambulisho chake. Wifi alirudi kwenye masufuria yake baada ya wiki tano, kwa ushahidi wa kaka yake na jirani aliyempokea alipozaliwa. Wengine mia mbili na kitu nao walipata vyao. Lakini wapo waliokuwa wameshavuka na hawakupatikana. Mwashi yule alipelekewa barua mara tatu, na mara tatu ikarudi haijafunguliwa. Mkewe alikuja uani kumwona Bi Sikio. Alisimama mlangoni, akamtazama kuanzia nyayo hadi kichwani, akaondoka bila kusema neno. Bi Sikio alikiri baadaye kwamba siku ile angependelea jiwe.

Ilipofika zamu ya kesi yake mwenyewe, alihitaji mashahidi wawili. Mama yake alikuwa ameshafariki, na upande wa kwao alibaki mjomba mmoja tu, mzee wa kushikwa mkono. Mumewe alitaka kuapa, lakini kamati ilimkataa kwa sababu mume haapi kwa mke. Siku mbili kabla ya shauri, wifi alisimama mbele ya mlango wa Bi Sikio, mikono kiunoni. Walikuwa hawajasemezana miezi saba.

"Kaka ananisumbua na hilo shauri lako," alisema. "Nitakuja. Nitasema ninachokijua. Usifikiri nimekusamehe."

"Sijakuomba."

"Vizuri. Usiniombe."

Kamati ilikaa katika darasa la shule, watu watatu nyuma ya meza ya mwalimu. Mjomba mtu aliapa, akakalishwa. Kisha akaitwa wifi. Alikuja na aproni yake ya jikoni, hakubadilisha nguo.

"Unamfahamu huyu?" aliuliza mwenyekiti.

"Namfahamu. Tunakaa naye ua mmoja, mwaka wa ishirini huu."

"Ni mtu wa wapi?"

"Wa Kambi ya Tisa. Mama yake alikuwa akipita kwa bibi yangu kuuza sindano. Bibi alikuwa akinunua, na huyu alikuwa akishika kapu. Nilikuwa namwona."

Bi Sikio aliinua kichwa. Jambo hilo hakuwahi kulisikia.

"Kwa hiyo ulimjua tangu utoto?" aliuliza mwenyekiti. "Mbona inasemekana wewe ndiye uliyekuwa ukimwita mtu wa ng'ambo?"

"Kwa sababu nilimjua," alisema wifi. "Kama angenitambua yeye kwanza, ningefanyaje?"

Mwenyekiti akakohoa. "Basi, kwa kiapo chako, mama, huyu ni mtu wa namna gani?"

Wifi alimtazama Bi Sikio kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Ni mshenzi," alisema. "Lakini ni mshenzi wa upande huu."

Wanakamati walicheka. Wanawake wale wawili hawakucheka. Mwenyekiti alisaini, akasema kitambulisho kitatoka baada ya wiki mbili. Darasa lilikuwa na milango miwili. Wifi alipita wa mbele, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na jikoni, na Bi Sikio alimshika mjomba wake mkono akapita wa nyuma.